Epictetus hakuwa akiwahubiria wanyonge

Siku hizi ni vigumu kufungua simu asubuhi bila kukutana na Epictetus, mwanafalsafa wa enzi za Warumi: sanamu ya mzee mwenye ndevu, na chini yake maneno ya kukutuliza. Wahamasishaji wanampenda, na mabosi wanampenda zaidi. Mshahara ukichelewa, utasikia kwamba kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe bali jinsi anavyolichukulia. Ni kweli alisema hivyo. Ugomvi wangu ni kuhusu nani anaambiwa, na nani anamwambia.

Alizaliwa yapata mwaka 50 BK huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo, akakulia utumwani. Bwana wake kule Roma, Epaphroditus, naye aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kupanda hadi kuwa katibu wa Kaisari Nero. Epictetus alikuwa akichechemea. Kuna kisa maarufu kwamba bwana wake aliupinda mguu wake hadi ukavunjika, naye akasema tu, "Si nilikwambia utavunjika?" Maandishi mengine ya kale yanataja baridi yabisi, na mimi naegemea huko, kile kisa kimenyooka mno. Baadaye aliachwa huru, na Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, alihamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule.

Sasa tazama waliokaa darasani mle. Wengi walikuwa vijana wa familia zenye uwezo, waliokuwa wakijiandalia vyeo. Epictetus mwenyewe hakuandika kitu. Aliyenukuu masomo yake, Arrian, alikuja kuwa konsuli, cheo cha juu sana huko Roma, na gavana wa Kapadokia. Kwa hiyo mtumwa wa zamani aliposema kwamba mali, sifa na madaraka havimo mikononi mwetu, alikuwa akiwavua vijana hao walichokuja kukitafuta duniani.

Na alikuwa na ulimi. Aliwasimulia habari za Felicio, mtumwa fundi viatu ambaye Epaphroditus alimuuza kwa kuwa hafai kitu. Bahati ikampeleka kwa mtu wa nyumba ya mfalme, na Felicio akawa fundi viatu wa Kaisari. Basi ungemwona Epaphroditus anavyomnyenyekea! Bwana Felicio hajambo? Naomba nibusu mikono yako. Na mtu akija nyumbani kumuulizia mwenye nyumba, jibu ni kwamba yuko kwenye mashauriano na Felicio.

Lakini somo ninalolipenda kuliko yote ni la maji moto. Mtu alimuuliza vipi ale chakula chake kwa namna inayoipendeza miungu. Epictetus akamjibu: umeagiza maji moto, mtumwa hakusikia, au kaleta ya uvuguvugu, au hata hayumo nyumbani, usipokasirika, umeipendeza miungu. Yule mtu akataka kujua atawavumilia vipi watu wa aina hiyo. Hapo mzee akampasulia: mtumwa wee, humvumilii ndugu yako mwenyewe, mzawa wa Zeus, mkuu wa miungu, kama wewe? Mtu akajitetea kwamba yeye ndiye aliyewanunua. Akaambiwa anazitazama sheria za wafu na kuziacha za miungu.

Ona subira inadaiwa kwa nani: kwa anayeagiza maji. Bosi anayemnukuu Epictetus kwa dada wa kazi ambaye hajamlipa ameligeuza somo miguu juu kichwa chini.

Simkatazi mnyonge kumsoma. James Stockdale, rubani wa Marekani aliyetunguliwa Vietnam mwaka 1965, alikaa mfungwa kwa zaidi ya miaka saba, akapigwa na kuteswa, na alieleza mara nyingi kwamba Epictetus ndiye aliyemshikilia. Ila Stockdale alijiambia mwenyewe. Maneno hayohayo yangetoka kinywani mwa mlinzi wa gereza yangekuwa kejeli.

Naye mzee simwachii hivihivi. Aliujua utumwa kwa mwili wake, aliwaita watumwa ndugu mbele ya mabwana zao, lakini katika mafundisho yake yaliyobaki hakuna anapotaka utumwa ukomeshwe. Uhuru aliouhubiri ni wa ndani. Bwana aliweza kumsikiliza asubuhi nzima, akakubaliana naye kwa kila neno, kisha akarudi nyumbani kwa watumwa wake walewale, tena bila kukasirika.