Hudi 14, Simba 14 na Mikono Yangu ya Bluu

Kwanza, si kweli kwamba nilikimbizwa kwa mawe. Wala sikutumbukia Mto Nairobi. Hayo mawili ameyatunga Mama Viatu, jirani yangu wa kibanda pale Gikomba, soko la mitumba la Nairobi ninakouza nguo za watoto, ambaye uwanjani kwenye mashindano hakuwepo, lakini sauti yake ya dakika nne imezunguka makundi ya WhatsApp tangu Jumamosi jioni hadi dada yangu wa Kitale akanipigia kunipa pole ya kulazwa. Sijalazwa. Niko kibandani, nimevaa mikono mirefu kwenye jua, na sababu mtaipata.

Chanzo ni belo, yaani robota la mitumba. Kilo 45, hudi (sweta zenye kofia) na majaketi ya watoto, Sh16,000. Belo huruhusiwi kuchungulia ndani: unauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi wangu alikuwa wa pinki. Nilikata kamba nikatoa pinki, nikatoa pinki, nikatoa soksi moja ya mtu mzima, nikarudi kwa pinki. Hudi peke yake zilikuwa 22.

Wasiouza nguo watauliza shida iko wapi. Hesabu ni hii: hudi ya bluu ina wateja wawili, mvulana na msichana. Ya pinki ina mmoja, na huyo mmoja mamake keshamnunulia tano. Tena mama mwenye akili ya bajeti, akijua baadaye anaweza kupata mvulana, humvalisha binti wa kwanza bluu na kijivu ili nguo zirithiwe. Kwa hiyo pinki inakaa. Inakaa hadi inashushwa ya mia, halafu ya hamsini, halafu inakuwa tambara la kupangusia viatu vya Mama Viatu, ambaye pia halipi.

Na si rangi tu. Vifungo vya shati la kiume hukaa upande wa kulia wa mvaaji, vya kike upande wa kushoto. Nimewahi kurudishiwa shati jeupe, safi kabisa, kwa sababu vifungo viko kushoto. Mvaaji alikuwa na miaka mitatu na hajui kufunga hata kimoja. Jinzi za wasichana nazo, tia kidole mfukoni kabla ya kulipa: nyingi mfuko wake ni mdomo tu, umeshonwa ukafungwa. Fundi anaufumua, anashona kitambaa ndani cha kina cha sentimita 12, Sh50, na binti anapata pa kuweka peremende. (Wiki iliyopita baba mmoja alimpokonya mwanawe jiko la plastiki akisema ni la wasichana. Alisema hayo akiwa anatafuna chapati aliyopikiwa na mwanamume hapo nje, hatua sita kutoka kwangu. Nilinyamaza. Biashara.)

Sasa Alhamisi akaja kocha. Ana timu ya watoto wa miaka saba na minane, Jumamosi wana mashindano, anataka hudi 14 za kufanana kwa Sh250 kila moja. Sh3,500! Macho yangu yakaenda kwenye rundo.

"Mama, rangi yoyote," akasema, "ila pinki. Wazazi wataninyonga."

Nikajaribu elimu. Nikamwambia kwamba Juni 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto kule Marekani liliandika kuwa pinki ni ya wavulana kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya wasichana kwa sababu ni laini. Nikamwambia Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa na miaka miwili, amevaa gauni na nywele mabegani, kama watoto wa kiume wa wakati huo walivyovalishwa.

"Mama, wazazi ninaowasema ni wa mwaka huu."

Nikamwonyesha mlinzi wa ghala la jirani, Mmaasai aliyejitanda shuka jekundu lenye miraba ya pinki, shanga shingoni na masikioni, rungu mkononi. "Nenda ukamwambie hiyo ni rangi ya wasichana."

Kocha alimtazama mlinzi. Mlinzi alimtazama kocha. Kocha hakwenda. Lakini pia hakununua, na hapo ndipo mdomo wangu ukanitangulia: "Rudi Jumamosi asubuhi. Nina 14 za bluu nzito zinakuja, zenye simba kifuani."

Hazikuwa zinakuja kutoka popote. Zilikuwa zinakwenda kwenye karai langu.

Wanaopaka rangi nguo waruke aya tatu zinazofuata, watalia. Hudi ya mtoto ikiwa kavu ina kama gramu 300. 14 ni kilo nne na ushee. Kwa bluu nzito unahitaji rangi ya asilimia nne ya uzito huo, yaani karibu gramu 170. Mimi nilinunua 100, kwa sababu muuzaji alipima 100 nikaona inatosha kwa macho. Maji yanatakiwa mara ishirini ya uzito wa nguo, lita 80 na zaidi, ili nguo zielee na kugeuzwageuzwa. Karai langu ni la lita 40. Nilizishindilia kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Penye mkunjo rangi haikufika.

Lakini dhambi kubwa ilikuwa siki. Rangi ile ya maji baridi hushika pamba kwa msaada wa chumvi na magadi: chumvi huisukuma rangi iingie kwenye uzi, kisha magadi, kama gramu 20 kwa lita, ndiyo huifunga isitoke tena. Siki hufaa sufu na hariri, tena kwa rangi za aina nyingine. Kwenye pamba siki haifungi kitu, inatia nguo harufu ya kachumbari basi. Nayajua haya yote. Nimewafundisha wenzangu. Ila usiku ule magadi hayakuwepo jikoni, siki ilikuwepo, na shetani ana chupa yake kwenye kila kabati. Nchi yenye Ziwa Magadi pale Kajiado, inayouza magadi nje kwa meli, nami nimemimina siki.

Halafu lebo. Nilisoma ya hudi moja, pamba asilimia 80 na polista 20, nikajiridhisha kwamba zote ni ndugu. Hazikuwa ndugu. Mbili zilikuwa polista tupu, na polista haishiki rangi ya pamba hata uisomee dua. Hutaka rangi yake maalumu na moto mkali wa kiwandani. Hizo mbili zilitoka pinki kama zilivyoingia, zikiwa na huzuni kidogo. Zile 12 nazo hazikuwa bluu, maana bluu juu ya pinki ni zambarau, jambo ambalo mtoto wa chekechea mwenye kalamu mbili analijua. Ungetaka bluu ungeivua kwanza ile pinki kwa dawa yake. Nyuzi za mshono ni polista, zikabaki pinki, zikazunguka kila mfuko kama nakshi. Na glavu? Jamani. Nilisema nitachovya dakika tano tu.

Likabaki tatizo la kifua. Hudi zile ziliandikwa PRINCESS kwa herufi za plastiki zenye vumbi la kumetameta, nyingine zina farasi wa pembe moja mwenye manyoya ya upinde wa mvua. Chapa ya plastiki haipokei rangi, kwa hiyo kila kitu kikiwa zambarau yenyewe iling'aa zaidi. Nikaziba kwa viraka vya simba vya kubandika kwa pasi. Gundi ya viraka hivi huyeyuka kwa joto ikaingia kwenye nyuzi. Juu ya plastiki yenye vumbi haina pa kuingia, inashika lile vumbi tu. Dawa ni kushona zigizagi pembeni. Nilishona simba wanne, saa tano usiku stima ikapotea. Waliobaki kumi niliwabandika kwa pasi ya makaa, ambayo moto wake unaujua Mungu.

Asubuhi kocha akazishika, akazinusa. "Mbona zinanuka kachumbari?"

"Dawa ya belo."

"Na hizi mbili ni pinki."

"Hizo ni za makipa. Kipa havai kama wenzake, kocha, ni sheria ya mpira. Na hiyo si pinki, ni chungwa lililofifia."

Akalipa Sh2,000, zilizobaki nizifuate uwanjani saa nne. Mngekuwa nyinyi, kwa Sh1,500, mngekwenda? Nilikwenda. Nilivaa sweta la mikono mirefu hadi kwenye vidole.

Uwanja ulijaa. Kuna hema la wazazi, kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti kikubwa kuliko kazi yake. Timu zinapita moja moja mbele ya hema. Hii ni Aprili, Nairobi, na mimi peke yangu katika umati ule ndiye niliyekuwa natazama mawingu badala ya watoto.

Tone la kwanza lilinidondokea puani. Nikasema, Mola, ya nusu saa tu, nichukue pesa nitoke.

Ikashuka kama imefunguliwa bomba.

Wakati huohuo, kutoka pembe ya uwanja: "Na sasa wanaingia SIMBAAA!" Vijana wangu wanakuja kwa mstari, vifua mbele, kaptula nyeupe. Nyeupe! Hakuna aliyeniambia kaptula ni nyeupe. Hatua kumi za kwanza mambo shwari. Hatua ya kumi na tano nikaona mchirizi mmoja mwembamba ukitoka kwenye pindo la hudi ya nahodha, ukashuka kwenye kaptula, ukakata paja, ukaingia kwenye soksi. Ukafuatwa na wenzake. Kufika katikati ya hema, timu nzima ilikuwa inavuja kama kalamu. Kofia walizojifunika zikawamwagia usoni. Mmoja alijifuta macho kwa kiganja akawa na kiganja kizima kimechorwa kwenye shavu.

Simba wa kwanza akaachia pembe moja. Naikumbuka ilivyojikunja, polepole, kama jani la mgomba. Akaning'inia kwa mkia, akazunguka mara mbili. Chini yake: PRIN. Mtoto akaona watu wanamtazama kifuani, akakivuta kiraka ili kumsaidia simba, simba akaanguka kwenye tope kifudifudi. CESS. Nyuma yake simba wakaanza kudondoka kama maembe, pwa, pwa, na farasi wa pembe moja wakachomoza wakimetameta kwenye mvua, wazuri kweli, lazima niseme.

Mshereheshaji akanyamaza. Akakohoa kwenye kipaza sauti. "Simba hao..." akasema. "Au ni masimba majike?"

Hema likapasuka.

Kocha hakucheka. Aligeuka akanitafuta kwenye umati, akanipata, akaja akikanyaga madimbwi bila kuyaruka, kipaza sauti kikiwa hatua mbili nyuma yake. "Mama. Ulisema zimetoka hivi kwenye belo."

Ningeweza kusema pole. Ningeweza kuzimia. Badala yake niliinua mkono wa kulia juu kabisa, kama shahidi mahakamani: "Haki ya Mungu, kocha, zilikuja hivihivi!"

Na sweta, likiwa limelowa na kuwa zito, likateleza. Lilitoka kwenye vidole, likapita kifundo cha mkono, likashuka taratibu hadi kiwiko, na mkono ukabaki hewani mbele ya wazazi wapatao mia mbili, bluu toka ukucha hadi kiwikoni, umenyooka kama bendera ya kijiji.

Nao niliuacha hapo. Sijui kwa nini. Nadhani nilidhani nikiushusha watauona.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilirudisha Sh2,000 na nauli ya watoto wawili ambao mama zao walisema hawawezi kuwapandisha gari vile. Rangi isiyoshika pamba haishiki ngozi ya mtoto aliyepitiwa na maji, sabuni iliitoa kabla ya Jumapili. Mimi nilishinda nayo karaini usiku kucha, kwa hiyo yangu itangoja ngozi mpya. Walicheza, wakatoka sare moja na kushindwa mechi moja, na si kwa sababu ya hudi, msinibebeshe na hiyo. Wale makipa wawili walibaki wakavu wa rangi, pinki yao safi, simba wao wa zigizagi kifuani. Kocha alinirudishia hudi 12 kwenye gunia. Za makipa hakurudisha, na mimi sina uso wa kuzidai.

Jana konda wa matatu alishika noti yangu, akatazama vidole vyangu, akaniuliza nimepiga kura mara ngapi.

Basi. Hudi nane zimebaki, hazijaguswa na karai. Pamba asilimia 80, nimesoma lebo zote nane, miaka sita hadi tisa, mifuko yake ni ya kweli. Pinki. Sh200. Mkifika kibandani msimuulize Mama Viatu njia, atawaeleza kwanza habari ya mto.