Shuka la Kufuliwa Linahukumiwa kwa Makosa ya Nani?

Yeyote aliyewahi kuingia katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya umma jijini Nairobi, awe mgonjwa, daktari au muuguzi, analijua shuka la kijani: pamba nzito iliyofuliwa hadi ikapauka, pengine na kiraka, iliyotakaswa kwa mvuke kabla ya kutandikwa juu ya mwili na kuacha wazi sehemu ndogo tu ya kupasuliwa. Katika hospitali za kibinafsi zenye uwezo shuka hilo limeanza kutoweka, na mahali pake pamechukuliwa na furushi la buluu linalofunguliwa likiwa jipya, likatumika mara moja, kisha likatupwa. Tofauti hiyo imezaa imani inayotamkwa siku hizi kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa: kwamba magauni na mashuka ya kutupwa ndiyo ya kisasa na salama, na kwamba ya kufuliwa ni alama ya umaskini, ya kuondolewa mara tu bajeti itakaporuhusu. Imani hiyo ina ukweli wa nusu, na ni haki nusu hiyo ielezwe kwanza.

Pamba hupenda maji. Uzi wake ni selulosi, na selulosi hufyonza upesi. Sifa ileile inayoifanya shashi ifae kukausha damu ndiyo inayoifanya pamba ishindwe na kazi ya kuzuia. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Beck na Collette, walionyesha kwamba kitambaa cha pamba cha upasuaji kikishalowa hakiwi tena kizuizi, bali huwa njia ya kupitishia bakteria. (Huo ndio mwaka ambao hospitali kuu ya Nairobi, inayoitwa leo Kenyatta, ilipewa jina la King George VI; kasoro hii ya pamba si habari ngeni hata kidogo.) Katika upasuaji wa kumtoa mtoto, ambapo damu na maji ya uzazi humwagika kwa wingi, gauni la pamba tupu linaweza kulowa hadi kwenye ngozi ya daktari, na kwa daktari huyo habari za virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya B si za vitabuni. Kuna pia vumbi la nyuzi: pamba kuukuu hupukutisha chembechembe ambazo hazina kazi njema ndani ya kidonda kilicho wazi. Anayelilalamikia shuka la kijani, basi, hajakosea kuhusu shuka hilo.

Furushi la buluu limetengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Malighafi yake ni polipropilini, aina ya plastiki, na kitambaa chake hakina mtande wala mshindo, kwa sababu hakikufumwa. Nyuzi hutolewa zikiwa za moto, zikatandazwa na kubanwa pamoja, kwa kawaida katika tabaka tatu: mbili za nje za kutia nguvu, na moja ya kati yenye nyuzi nyembamba mno, za upana wa maikroni chache (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambayo ndiyo kichujio chenyewe. Ubora wake huamuliwa kiwandani na hospitali haiongezi wala haipunguzi kitu, ilimradi furushi limetunzwa vizuri. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande huo: hospitali yenye dobi asiyetegemeka, au isiyo na dobi kabisa, hupata Jumamosi usiku kinga ileile iliyoipata Jumatatu asubuhi. Inachekesha kidogo, hata hivyo, kwamba kitambaa hiki ni jamaa wa karibu wa mifuko isiyofumwa ambayo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza mwaka 2019 kuipiga marufuku sokoni, miaka miwili baada ya mifuko laini ya plastiki. Nyuzi zilizotiliwa shaka zikibeba sukuma wiki zinapokelewa bila swali zikimfunika mgonjwa. Najua kwamba kazi hizo mbili hazilingani kwa uzito. Bado swali la kitambaa hicho kinaishia wapi ni lilelile.

Kosa lililo katika mjadala wetu ni la ulinganisho. Gauni bora la kutupwa huwekwa kando ya shuka baya la kufuliwa, kisha kufuliwa kwenyewe ndiko kunakohukumiwa. Kitambaa cha upasuaji cha kufuliwa kinachotengenezwa leo si pamba ya kijani. Ni poliesta ya nyuzi nyembamba ndefu, iliyofumwa kwa kubana sana na kutiwa dawa ya kufukuza maji, mara nyingi ikiwa na nyuzi chache za kaboni za kuondoa umeme tuli. Na kwa kazi zenye majimaji mengi, huongezwa utando mwembamba unaozuia umajimaji lakini hupitisha mvuke wa jasho. Vipimo vya Ulaya vinavyojulikana kama EN 13795, pamoja na ngazi 1 hadi 4 za Marekani za uwezo wa vazi kuzuia umajimaji, havina vazi linalopendelewa kwa sababu ya kutupwa au kufuliwa. Vinachouliza hasa ni kama umajimaji umepenya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilisema kwamba hospitali inaweza kutumia mashuka na magauni yasiyofumwa ya kutupwa au yaliyofumwa ya kufuliwa, mradi yawe yametakaswa. Katika suala la kumlinda mgonjwa dhidi ya maambukizi, shirika hilo halikupata sababu ya kumpa ushindi yeyote kati ya hao wawili. Sentensi hiyo ya mwongozo sijawahi kuisikia ikisomwa na mtu anayetaka mashuka ya kufuliwa yaondolewe.

Tukishakubali hilo, mjadala unahama kutoka kwenye kidonda na kwenda kwenye gharama, taka na maji, na hapa kuna tarakimu moja ambayo imenisumbua kwa muda mrefu. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020, ukilinganisha magauni ya upasuaji ya aina zote mbili tangu malighafi hadi mwisho wa maisha yake, uliona kwamba magauni ya kufuliwa yalipunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 64, gesi za kuongeza joto duniani kwa asilimia 66, taka ngumu kwa asilimia 84, na maji kwa asilimia 83. Tarakimu ya taka haihitaji ufafanuzi, kwa kuwa gauni moja linalofuliwa mara makumi linachukua nafasi ya makumi ya magauni. Ya maji ndiyo inayoshangaza. Inawezekanaje kitu kinachofuliwa kila siku kitumie maji kidogo kuliko kisichofuliwa kamwe?

Jibu limo katika namna ya kuhesabu. Maji yaliyopimwa hapo ni yale yanayochotwa mtoni au kisimani na yasirudi huko, kwa mfano yakigeuka mvuke, na hesabu inajumuisha maji yaliyotumika mbali, katika viwanda vya malighafi na vya umeme unaoviendesha. Gauni la kutupwa huyabeba maji hayo kila linapotengenezwa upya. La kufuliwa hulowekwa na kusuuzwa, lakini sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye mashine ikiwa maji machafu, ikasafishwa na kurudi mtoni, kwa hiyo haihesabiwi kuwa imetumika. Tena dobi la Marekani linalozungumziwa ni kiwanda kizima, chenye mashine ambazo maji ya kusuuzia ya awamu moja yanaweza kutumika kuoshea awamu nyingine.

Sasa ilete tarakimu hiyo Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu. Maji yanayotoka kwenye mashine ya kufulia ya hospitali yakifika kwenye mitambo ya majitaka ya Ruai na kusafishwa, yanaingia mtoni na kuelekea Athi. Mgonjwa aliyelazwa wodini hayaoni tena. Maji yanayookolewa kwa kutotengeneza gauni la kutupwa yanaokolewa katika nchi iliyolitengeneza, ilhali maji ya kufulia yanachotwa kwenye mfereji wetu, siku ambazo mfereji una maji. Kwa dunia kwa ujumla asilimia 83 inaweza kuwa hesabu sahihi kabisa, na msimamizi wa hospitali ya Eastlands akawa bado anaagiza lori la maji ili mashuka ya kesho yafuliwe. Ninaliandika hili nikijua kwamba linaudhoofisha upande ninaouelemea. Lakini anayeitumia tarakimu hiyo mbele ya daktari wa Nairobi bila kueleza inatoka wapi atajibiwa, na atastahili jibu hilo.

Hata hivyo, hoja ya maji ikichunguzwa hadi mwisho hailiangushi shuka la kufuliwa, ila inatuonyesha mahali pa kuweka fedha. Hospitali lazima iwe na dobi kwa vyovyote vile, kwa sababu mashuka ya vitanda, mablanketi na nguo za wagonjwa hayatupwi; swali ni kama dobi huyo ana mashine inayojua joto lake. Viwango vya Uingereza hutaka nguo za hospitali zikae katika nyuzijoto 71 kwa angalau dakika 3, au 65 kwa dakika 10, mbali na muda wa maji kuchanganyika. Bila kipimajoto, mwanya wa kutojua hujazwa na jiki, na jiki nyingi hukata nyuzi za pamba mapema, huku ikiharibu dawa ya kufukuza maji iliyo kwenye poliesta. Sabuni isiyosuuzwa vizuri, na hata dawa ya kulainisha nguo, huifisha dawa hiyo pia, gauni likaanza kunywa maji ingawa kwa macho linaonekana jipya. Matundu yaliyotobolewa na koleo za upasuaji huonekana tu kitambaa kikiinuliwa juu ya meza yenye taa chini yake. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo ni tabia ya kitambaa. Yote ni ya chumba ambacho wageni wa heshima wanaoitembelea hospitali hawapelekwi, na ambacho hukumbukwa mwisho bajeti inapogawanywa. Wanawake na wanaume wanaofanya kazi humo hutupiwa lawama ya gauni lililovuja, na pengine hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jiki ndiyo iliyolitoboa.

Upande wa taka, furushi lililotumika likiwa na damu huingia mfuko wa manjano, wa taka za kuambukiza, na kwenda kwenye tanuri, ambalo halina budi kufikisha joto la zaidi ya nyuzi 800 ili kazi iwe safi. Kwa haki, polipropilini peke yake si mbaya motoni kama watu wanavyodhani, kwa kuwa haina klorini. Balaa hutokea inapochomwa pamoja na mirija na mifuko ya plastiki ya PVC, ambayo ina klorini, katika tanuri lililopoa kwa kukosa dizeli. Na ile miezi iliyofuata tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, iliwaonyesha wote maana ya kutegemea kitu kinachotoka ng'ambo. Kiwanda cha nguo cha Kitui na kile cha Rivatex, Eldoret, vilishona barakoa, lakini kitambaa cha tabaka la kati lenye kuchuja kiligombewa dunia nzima. Hospitali iliyokuwa na magauni ya kufuliwa iliyafua.

Wapo wanaorukia hapo na kusema kwamba kufua kutafufua pamba yetu. Sidhani. Kitambaa kinachostahili kutetewa ni poliesta, ambayo nayo imetoka kwenye mafuta ya petroli na hupukutisha chembe za plastiki majini inapofuliwa, na baadhi ya dawa zake za kufukuza maji zina kemikali za florini zisizooza. Pamba ya Rivatex ina nafasi yake kwenye shashi, bandeji na mashuka ya wodini. Zahanati ndogo isiyo na mtambo wa mvuke, kambi ya upasuaji ya wiki moja, na mgonjwa wa maradhi hatari ya kuambukiza vilevile havihitaji mahubiri yangu. Vinahitaji furushi la buluu, na vipewe.

Ila hospitali kubwa inayoandika zabuni isiishie kwenye bei ya gauni moja. Iulize gauni limepimwa kwa ngazi gani, na linaibakiza ngazi hiyo baada ya kufuliwa mara ngapi. Kwenye baadhi ya magauni ya kufuliwa huchapishwa visanduku vidogo, na kimoja hutiwa alama kwa wino usiofutika kila gauni linapotoka kufuliwa; vikijaa, gauni halirudi tena chumba cha upasuaji. Daktari anayeitwa saa nane za usiku kumtoa mtoto ana haki ya kuviangalia visanduku hivyo kabla ya kuvaa, na asipovikuta, ana haki ya kudai furushi la buluu.