Kleiburg iliuzwa kwa euro 1, wapangaji wakabaki nje

Kleiburg ni jengo la zege lenye ghorofa 11 na urefu wa mita zipatazo 400, katika eneo la Bijlmer, mtaa wa maghorofa mengi ya aina hiyo kusini-mashariki mwa Amsterdam, Uholanzi. Lilijengwa kwa ajili ya wapangaji wa kipato cha kawaida. Baadaye shirika la nyumba la Rochdale, mmiliki wake, lilipiga hesabu likaona ukarabati kamili ungekula takribani euro milioni 70, likataka kulibomoa. Baada ya mvutano likauzwa kwa euro 1 kwa waliokuwa tayari kulifufua, na mwaka 2017 likatwaa tuzo ya Umoja wa Ulaya ya usanifu majengo, ile ya Mies van der Rohe.

Waliotaka Bijlmer ibomolewe, wakisema majengo yenyewe ndiyo yaliyozaa uhalifu, hawakukosa hoja. Katikati ya miaka ya 1980 karibu robo ya nyumba zilikuwa tupu. Korido zilikuwa ndefu, wezi na wauza dawa za kulevya walijaa, na huko chini mtu alitembea kando ya kuta za stoo zisizo na hata dirisha moja. Wakazi wengi wenyewe walitamani nyumba za chini zenye bustani. Karibu nusu ya maghorofa yale marefu, yaliyopangwa kama sega la nyuki, yalivunjwa, na mitaa iliyochukua nafasi yake ni tulivu.

Lakini fuata miaka ilivyopishana. Wapangaji wa kwanza waliingia mwaka 1968. Metro, yaani treni ya mjini, ikawafikia mwaka 1977. Miaka tisa! Kodi nayo ilikuwa ya juu kuliko ya mitaa ya zamani, na familia zilizotarajiwa zikakimbilia miji mipya yenye nyumba za bustani. Wakati huohuo watu wa Suriname, nchi iliyopata uhuru mwaka 1975, walikuwa wakiwasili na kukuta milango mingi imefungwa. Mwaka 1974 familia za Kisuriname ziliingia zenyewe katika nyumba zilizokaa tupu za Gliphoeve, jengo jingine la Bijlmer. Zege halikuwafukuza watu wale. Lilikuwa na nafasi. Aliyekosekana ni wa kuwapa funguo.

Angalia pia jinsi Kleiburg ilivyoponywa. Stoo za chini zilihamishiwa juu, na mahali pake pakawekwa nyumba na vyumba vya kazi, hivyo anayepita kwenye majani sasa anaona madirisha na taa za watu. Minara ya lifti iliyobandikwa miaka ya 1980 iliondolewa. Kingo za vibaraza zilipulizwa mchanga hadi rangi ya zamani ikabanduka, zege la asili likatokeza. Mifupa ya jengo ni ileile. Kama mifupa hiyo ndiyo ingekuwa inazaa uhalifu, isingepata tuzo.

Ninachorudia kukifikiria ni ile euro 1. Maana yake mifupa yote ilipatikana bure, na gharama iliyobaki ni ya matengenezo tu. Waliolinunua jengo wakaziuza nyumba zake moja moja: kila mnunuzi alikabidhiwa nyumba tupu, bila jiko, bila bafu, bila hata kuta za vyumba, akaimalizia mwenyewe. Kwa hiyo alilipa kidogo, na nampongeza. Lakini unafuu huo ni wake peke yake: siku akiuza, atauza kwa bei ya soko. Nyumba hiyohiyo ingekuwa ya kupanga, unafuu ungemfikia mpangaji wa pili, wa tatu na wa kumi. Takribani nyumba 500 zilitoka mikononi mwa wapangaji katika jiji ambalo kusubiri nyumba ya kodi nafuu huchukua zaidi ya miaka kumi.

Watetezi wa mpango ule husema bila wanunuzi pesa isingepatikana, na jengo lingekuwa kifusi. Nakubali, kwa hali ya Rochdale wakati ule. Nisichokubali ni kwamba njia ya kumalizia nyumba kwa mikono yako ilimfaa mnunuzi peke yake. Mpangaji naye ana mikono, ana ndugu fundi bomba, ana shemeji anayejua umeme. Mpe nyumba tupu kwa kodi inayolingana na nyumba tupu, mpe na mkataba wa miaka mingi ili jasho lake lisipotee. Wale wa Gliphoeve waliingia penye nyumba tupu bila kuahidiwa hata mkataba.