Asilimia 97 ya miti ya uani

Juzi nimekaa kwenye semina nikashuhudia programu ikipigiwa makofi. Unabandua ngozi ya chini ya jani, unaiweka kwenye hadubini, unapiga picha, programu inaangalia stomata, vile vitundu vidogo vya kupumulia vya jani, na kukutajia mti. Usahihi asilimia 97. Mheshimiwa mmoja wa viti vya mbele akatangaza kwamba wezi wa mbao kwisha habari yao.

Nikauliza: kwa kila spishi, majani mliyachuma kwenye miti mingapi? Kijana akajibu bila wasiwasi kabisa: mmoja mmoja, yote ipo hapa hapa kwenye kiwanja.

Jamani. Hiyo haitambui miembe. Inautambua ule mwembe wa pale maegesho ya magari. Jani moja limetoa picha rundo, picha zimechanganywa, nyingi mashine ikafundishiwa, zilizobaki ikapimwa nazo. Ni sawa na kumtungia mtoto mtihani kwa maswali yaleyale uliyomsahihishia jana ubaoni, halafu unaita wazazi waje washangilie. Mimi hata hiyo 97 imenishangaza. Tatu zimepotelea wapi?

Na hili si suala la takwimu tu, ni la mti wenyewe. Stomata hazikai kwa idadi moja. Panda mti, chuma jani la kileleni linalochomwa na jua mchana kutwa, kisha chuma la ndani kivulini. Kwa kawaida la juani lina stomata nyingi zaidi katika eneo lilelile, na mti ni mmoja, mizizi ni ileile. Mwaka 1987 Woodward, mtaalamu wa mimea kule Uingereza, alichapisha hesabu za stomata kwenye majani makavu yaliyohifadhiwa kwa takriban miaka 200. Kadiri kaboni dayoksaidi ilivyoongezeka hewani, stomata zilipungua, kwa karibu asilimia 40. Spishi ni zilezile! Salisbury, mtaalamu mwingine wa mimea, tangu 1927 alikuwa ameshapendekeza tuache kuhesabu kwa eneo, tuhesabu stomata kama sehemu ya seli zote za ngozi ya jani, ili kivuli na jua visituyumbishe sana. Karibu miaka mia imepita, na bado mtu anakuletea idadi kwa milimita ya mraba kana kwamba ni alama ya kidole gumba.

Haya, nikubali yanayokubalika, ingawa roho inauma. Mpangilio wa seli zinazokizunguka kitundu hautikisiki ovyo. Familia ya mbuni, yaani mti wa kahawa, kwa mfano, ina zile seli mbili zilizolala sambamba na kitundu, moja kila upande, na ukiziona umeshapunguza orodha kwa kiasi kikubwa. Ila familia si spishi. Arabika na robusta, spishi mbili za kahawa, zote zinazo. Hapo itabidi upime ukubwa, maana arabika yenye kromosomu 44 huwa na stomata kubwa kuliko robusta yenye 22. Na kwa majani yaliyosagwa, yale ya dawa, ambayo hayana ua wala tunda la kukusaidia, hadubini ndiyo kimbilio.

Tena nenda kwenye mikoko uone stomata zikifanya kazi ya maana bila kompyuta yoyote. Mkoko na mkandaa wanazo upande wa chini tu. Mlilana na kikandaa, mikoko ya aina nyingine, wanazo pande zote mbili. Swali moja, umeshagawa kundi. Halafu jaribu mchu, aina nyingine ya mkoko. Ili upate chapa ya stomata, unapaka chini ya jani rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, unasubiri ikauke, unabandika selotepu, unavuta. Kinachotoka ni manyoya. Manyoya matupu, msitu mzima wa vinywele vifupi, na stomata zenyewe zimejificha huko chini wala hazikugusana na rangi. Hapo programu yetu ya 97 itasoma nini? Manyoya, naam, na pengine itatamka kwa kujiamini kuwa huo ni mpera.

Kuhusu wezi wa mbao nitasema kwa ufupi tu: gogo halina majani. Mkurungu, mti wa mbao, uliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na unaopita geti la maliasili unapita ukiwa umeshapasuliwa. Mzee wa kijijini anachanja gome la mninga, anaona utomvu mwekundu, anakutajia jina kabla hujafungua begi la hadubini.

Sasa wanatafuta fedha za awamu ya pili. Wapewe, sina kinyongo, ila wachume pwani na bara, juani na kivulini, masika na kiangazi, miti mingi kwa kila spishi. Na kuna miti iwekwe pembeni kabisa, mashine isione hata jani lake moja mpaka siku ya kupimwa. Asilimia itashuka. Iandikwe hivyohivyo ilivyoshuka.