Maji ya ozoni hayakai kwenye chupa

Watu wa Mbeya tunaijua ile harufu. Novemba mvua za kwanza zinaanza, radi inapiga upande wa Loleza, unatoka kibarazani unasikia hewa imebadilika, kali kidogo, kama chuma hivi, inapanda puani halafu baada ya muda imepotea. Hiyo ndio ozoni. Radi inapasua oksijeni ya hewani, vipande vinashikana tena vitatu vitatu badala ya viwili viwili. Mwanakemia mmoja wa Basel kule Uswisi, Schönbein, ndiye aliyeipa jina mwaka 1840, akalitoa kwenye neno la Kigiriki la kunusa, kwa sababu pua ndiyo iliyomwonyesha.

Naandika haya kwa sababu kuna mtu aliniuzia chupa mbili za maji pale Mwanjelwa na bado roho inaniuma.

Ilikuwa hivi. Binti yangu ana pumu. Nikisafisha jikoni kwa jiki anaanza kukohoa, nikiacha nikasafisha kwa maji matupu nakosa amani, hasa siku tumechinja kuku, damu iko kwenye kibao, iko kwenye sinki, iko kwenye kitasa cha bomba maana umefungua kwa mkono uleule. Sasa huyo kijana ana meza yake, ana spika, anatangaza maji ya ozoni, hayana harufu, hayana kemikali, yanaua vijidudu vyote na yanakaa miezi sita bila kuharibika. Elfu nane lita moja. Mimi habari za ozoni nilishawahi kuzisikia, nikajua sio uongo, nikanunua mbili. Wiki tatu nzima nikawa napulizia kibao cha nyama, kaunta, meza ya kulia, vitasa vya milango, na sabuni nikaipunguza kwa sababu si nina dawa.

Mpwa wangu anafundisha kemia sekondari. Alikuja Jumapili moja akaiona ile chupa juu ya friji, akaigeuza geuza, akaniuliza, "Mama mdogo, hii umeinunua lini?" Nikamwambia. Akanyamaza. Wiki iliyofuata akaja na karatasi amekunja ndani yake chumvi nyeupe kidogo sana, potasiamu ayodaidi, akaniomba nichemshe wanga, nikachukua unga wa muhogo nikautengeneza uji mwepesi kabisa kama maji. Akachanganya kwenye glasi mbili. Ya kwanza akaweka maji ya chupa yangu. Tukasubiri. Hakuna kitu, nyeupe ilee ile. Ya pili akaweka maji aliyoyatoa muda huohuo kwenye kimashine cha kutengeneza ozoni alichokuwa amekiazima kwa rafiki yake, kinachochomekwa kwenye umeme na kina kipira kinachotoa mapovu ndani ya jagi. Yaani hapohapo glasi ikaanza kuwa bluu, ikaenda zambarau, ikawa karibu nyeusi. Ozoni inaing'oa ayodini kwenye chumvi na ayodini ikikutana na wanga lazima ionekane. Huyohuyo Schönbein ndiye alikuwa anapima hivi, na karatasi zilizopakwa wanga.

Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kilinifungua macho. Yale maji ya mashine akayafunga kwenye chupa vizuri kabisa, akaniambia kesho asubuhi nijaribu mwenyewe, akaniachia ile karatasi. Asubuhi nikajaribu. Nyeupe.

Ozoni haihifadhiki. Ile atomu ya tatu haitulii, inatafuta cha kushika, ikikuta bakteria inaunguza ngozi yake ya nje mpaka inapasuka, na isipokuta kitu inajivunjikia yenyewe inarudi kuwa oksijeni ya kawaida. Kwenye maji safi ya nyuzi joto kama 20 hivi nusu yake inaondoka ndani ya dakika kama 20, nusu ya iliyobaki inaondoka baadae, unaendelea hivyo, ikifika jioni huna kitu. Maji yakiwa machafu au ya moto inaondoka haraka zaidi. Sasa mtu anayekwambia yanakaa miezi sita anakuuzia maji ya bomba. Labda na yeye aliuziwa maneno hayo na mtu mwingine, sijui, lakini wazazi wenye watoto wadogo wanapulizia yale maji kwenye meza anayolia chakula mtoto wakiamini wamemaliza kazi, na hilo ndilo linanikera kuliko elfu kumi na sita yangu.

Na naomba msinielewe vibaya, mimi sio mpinzani wa ozoni. Mji wa Nice, Ufaransa, wameanza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni tangu 1906. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa iliiruhusu kwenye vyakula mwaka 2001, viwanda vinaoshea mboga, matunda, meza za kukatia samaki, na maji yao yana kama miligramu 1 mpaka 3 kwa lita. Kuna vijidudu vya kuharisha ambavyo klorini inahangaika navyo kwenye maji na ozoni inavimaliza. Ni kitu cha kweli. Ila kila mahali inapotumika inatengenezwa palepale na inatumika palepale.

Mwisho nilinunua mashine yangu ndogo. Kwa hiyo nazungumza kama mtu anayeitumia.

La kwanza ni sabuni. Ozoni haichagui, mafuta nayo inaona ni chakula, damu iliyoganda, makombo ya ugali, kila kitu kinachooza kinaimaliza kabla haijafika kwenye kijidudu. Shika kibao cha mbao cha kukatia nyama ukiweke kwenye mwanga wa dirisha, uangalie ile michirizi ya kisu, utaona ndani yake kuna ukoko wa rangi ya kahawia unaong'aa kidogo. Ukipulizia ozoni hapo umepaka juu ya mafuta. Mimi sasa nasugua kwa sabuni na brashi kufuata michirizi, nasuuza, ndio namimina maji ya ozoni yaliyotoka kwenye mashine muda huo, nayaacha yalowe, nakiegemeza kikauke. Kaunta ya marumaru hivyohivyo. Sabuni ndiyo inafanya kazi kubwa, ozoni inamalizia.

La pili ni baridi yetu, na hapa wenzetu wa Iringa, Njombe, Makete mnisikilize sana. Baridi inatusaidia, maji ya baridi yanashika ozoni nyingi zaidi na inakaa muda mrefu kidogo kuliko huko Dar, na Juni maji ya bomba huku unajua yalivyo, vidole vinakufa ganzi. Lakini baridi hiyohiyo ndiyo inatufanya tufunge madirisha, tunaziba hadi chini ya mlango kwa kanga, na mashine inapotoa mapovu sio ozoni yote inayoingia kwenye maji, nyingine inatoka hewani. Ozoni ya hewani inawasha koo na mapafu. Kwa mwenye pumu ni mbaya kabisa. Wafanyakazi wa Marekani wamewekewa kikomo cha sehemu 0.1 kwa milioni kwa saa nane, ni kidogo mno. Mimi niliinunua kwa ajili ya mtoto mwenye pumu, halafu siku ya kwanza nikaiwasha jikoni madirisha yamefungwa na yeye yuko mezani anafanya homework, akaanza kukohoa vilevile kama kwenye jiki. Nililia. Sasa mashine inakaa kibarazani, naiwasha nje, naingiza jagi ndani. Na usisubiri pua ikwambie, pua inaizoea haraka unadhani imeisha kumbe ipo.

Mipira inaila pia. Kile kipira cha mapovu cha kwanza kilipasuka pasuka vinyufa vidogo kama kisigino cha kiangazi, nikabadilisha nikaweka cha silikoni. Kwa hiyo kwenye mpira wa mlango wa friji sipulizii, nafuta kwa sabuni tu.

Na kukiwa na kipindupindu, au mgonjwa anatapika na kuharisha ndani ya nyumba, sigusi mashine. Hapo ni klorini kama wahudumu wa afya wanavyoelekeza, dirisha wazi, mtoto anaenda kwa jirani. Klorini inabaki mahali ulipoiweka muda wa kutosha, na umeme ukikatika bado unayo. Ila jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, ule moshi unaua.

Juzi shangazi yangu wa Kihesa, Iringa, kapiga simu, kasikia habari za hii mashine, anataka nimnunulie. Nikamwitikia salamu yake ya kamwene, nikamuuliza, shangazi, dirisha la jikoni linafunguka? Akasema lilipigiliwa misumari mwaka juzi sababu ya upepo. Nikamwambia basi hela hiyo mpe kwanza fundi aje aling'oe misumari, mimi nitakuja na mashine yangu mwezi wa nane nikuonyeshe, na unitafutie brashi ngumu ya kibao, ile ya nyuzi za katani.