Uso uliopauka hauhitaji rangi mpya

Juzi usiku binti wa dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mamdogo. Zimebaki wiki tano, uso umepauka, mashavuni nina madoa. Nielekeze maski ya kung'arisha, ila iwe kali kidogo." Niliusikiliza mara mbili. Neno lililonichoma ni lile la mwisho. Mtoto ana miaka 24, anaolewa, ana rangi ya maji ya kunde aliyoirithi kwa bibi yake, na tayari kuna mtu ameshamwaminisha kwamba uso haung'ai mpaka uumie kwanza.

Nilimpigia, tukaongea karibu saa nzima. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu maharusi wengi, na wasio maharusi, wanabeba wazo hilo hilo kichwani.

Kwanza tuelewane kupauka ni nini. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimelaliana kama makuti ya paa. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa zikiwa njiani, na zikifika juu hupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama siku 28. Umri ukisogea inafika siku 40 na zaidi. Makuti yakiwa mazima na yana unyevu, yanalala vizuri na mwanga ukipiga unarudi. Yakikauka, kingo zinainuka, mwanga unatawanyika, na kwenye ngozi nyeusi tunaliona jambo hilo upesi kuliko wenzetu: uso unakuwa kama umepakwa majivu. Nadhani ndiyo maana Kiswahili kinatumia neno moja, kupauka, kwa ngozi na kwa kitambaa kilichopigwa na jua.

Kazi ya maski nzuri ni kulegeza gundi inayoshika yale makuti ya juu yaliyochoka, yaondoke, halafu ngozi ipate maji. Basi. Rangi yenyewe iko chini zaidi. Melanini inatengenezwa na seli zilizokaa kwenye sakafu ya ngozi ya juu, ambako unga wa dengu na asali havifiki hata ukilala navyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia maski inayokubadilisha rangi kwa siku tatu, jiulize humo ndani mmetiwa nini.

Bibi yetu, aliyetulea Tanga, hakuwahi kusoma habari za seli, lakini mikono yake ilizijua. Alikuwa na jiwe la msio, bapa, katikati limelika likawa na kishimo kama kisahani. Alikuwa anadondosha matone ya marashi ya mawaridi, anashika kipande cha liwa, ule mti unaonukia, anakizungusha pale juu ya jiwe polepole, hana haraka hata kidogo, mpaka inatoka rojo laini yenye rangi ya chai ya maziwa. Nyumba nzima inanukia. Akitupaka usoni anatumia ncha za vidole vitatu, kutoka kidevuni kupanda juu. Halafu anasubiri, na hapa ndipo palipo na elimu: kila baada ya muda anagusa shavu. Kidole kikitoka na liwa, bado. Kikitoka kikavu lakini shavu linahisi ubaridi, anaiondoa hapo hapo kwa kitambaa chenye maji. Hakuruhusu ikauke mpaka ipasuke, kwa sababu, alivyosema, "ikishapasuka imeanza kunywa maji yako."

Singo ndiyo ilikuwa ya kusugulia mwili: waridi, asumini, mrehani, karafuu kidogo, liwa, vimepondwa vikakandwa kwa marashi. Somo, yaani kungwi wake, anamsinga biharusi kwa kiganja, kucha hazigusi ngozi, na singo inaanguka juu ya mkeka kwa vijipande vidogo vidogo ikiwa imebeba taka za ngozi. Siku kadhaa mfululizo kabla ya harusi, kila siku kidogo. Ng'ambo ya bahari, Ngazija kule Komoro, wanawake wanapaka msindanu wa manjano usoni na kutoka nao mchana kweupe, na kaskazini mwa Msumbiji wapo wanaopaka mussiro mweupe. Pwani hii yote ina elimu ya maski ya zamani, na msingi wake ni mkono mwepesi.

Sasa niseme yaliyonipata. Miaka mingi iliyopita, dada yangu huyo huyo alipokuwa anaolewa, nilikwenda saluni moja Dar es Salaam nikaomba wanisafishe uso. Msichana alikamua ndimu mbili kwenye bakuli, akamimina sukari ya chembe, akaanza kunisugua kwa brashi. Nikasema inawasha. Akaniambia, "Vumilia dada, inawasha kwa sababu inafanya kazi." Nilivumilia. Nilitoka pale uso unawaka, unang'aa kweli, nikaenda moja kwa moja Kariakoo kutafuta vitambaa, saa saba mchana, jua la Januari. Siku ya pili mashavu yaliuma hata kwa maji. Baada ya wiki yakatokea mabaka mawili meusi kwenye mifupa ya mashavu, na yalikaa usoni mwangu miezi saba. Picha zote za harusi ya dada yangu nina poda ya kutosha kupaka watu wawili, na kila nikiziona moyo unaniuma.

Nilichojifunza baadaye ndicho ninachotaka kila mwenye ngozi kama yangu akijue. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambapo namba ikishuka uchachu unapanda, ni kama 5. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Kwenye kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo tofauti ni kama mara elfu moja. Juu ya hapo, ndimu ina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua huiunguza. Watu wengine hutoka malengelenge kabisa. Nayo sukari ya chembe ina ncha. Imenichubua, ndimu ikaingia, jua likamalizia.

Na ngozi nyeusi ina tabia yake: ukiijeruhi, hata jeraha dogo usiloliona, hujibu kwa kumwaga melanini pale pale. Chunusi ikipona inaacha doa jeusi kwa sababu hiyo. Mbu akikuuma ukakuna, doa. Sasa fikiria mtu mwenye madoa ya chunusi anachukua sukari, machicha ya kahawa au jiwe la kusugulia miguu, anayasugua ili yatoke. Anayalisha. Kila wiki anasugua, kila wiki doa linapata sababu mpya ya kuwa jeusi, naye anadhani maski haijawa kali vya kutosha, anaongeza. Nimewaona wanawake waliozunguka humo miaka mitatu, wengine mitano, na wote wanajilaumu ngozi zao ni "ngumu". Ngozi zao hazina ugumu wowote. Zinajitetea.

Asidi si adui, usinielewe vibaya. Asidi ya laktiki, ile inayofanya mtindi uwe mchachu, ni miongoni mwa vitu bora vya kuondoa seli zilizokufa, na glaikoliki ya kwenye miwa nayo. Mwaka 1974 watafiti Van Scott na Yu kule Marekani waliandika jinsi asidi za jamii hii zilivyowasaidia wagonjwa wenye ngozi ya magamba, na huko ndiko zilikoanzia njia ya kufika kwenye makopo tunayoyaona madukani leo. Kinachoamua ni kiasi. Mtindi una laktiki kama asilimia 1, kwa hiyo ni mpole mno. Bidhaa ya nyumbani yenye asilimia 5 mpaka 10, pH yake isishuke chini ya 3.5, inatosha mtu yeyote. Zaidi ya hapo ni kazi ya daktari wa ngozi, akiwa amekuona uso kwa uso.

Sasa lile linalonikera zaidi ya yote. Neno letu zuri, kung'aa, limechukuliwa. Ukifungua matangazo ya wauza vipodozi kwenye simu, "kung'arisha" maana yake imekuwa kuchubua. Mkorogo unaitwa maski. Krimu yenye haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, inaitwa ya kutoa madoa. Yenye steroidi kali kama clobetasol inaitwa ya kulainisha, na kweli inalainisha, kwa sababu inaila ngozi mpaka inakuwa kama karatasi ya vitumbua iliyolowa mafuta, mishipa inaonekana. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu kiholela inaweza kuleta mabaka ya rangi ya bluu nyeusi yanayokataa kutoka. Zebaki, ambayo nayo hutiwa kwenye baadhi ya krimu hizi, inapenya ngozi na kwenda kuumiza figo, na mama mjamzito anampelekea mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulipanga vipodozi vya kuchubua vyenye zebaki viondolewe sokoni ifikapo 2020, na bado watu wanavinunua. Ukiona kwenye kopo neno calomel, mercurio au cinnabaris, hiyo ni zebaki, rudisha. Kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa, lile la kuchotewa kwa kijiko, usilipeleke usoni hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Afrika Kusini mwaka 1990 walipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi, na wakaenda mbali zaidi: wakakataza matangazo yasitumie maneno ya kuchubua wala kufanya mtu mweupe. Walielewa kwamba neno nalo linauza sumu. Kwetu Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na misako ya makopo inafanyika. Ninachoomba ni hatua ya pili, waangalie na maneno. Anayeandika "kung'arisha" aonyeshe kinachong'arisha ni nini.

Turudi kwa mwanangu. Wiki tano ni muda mzuri, zinatosha ngozi yake kuzunguka mara moja nzima. Nimemwambia achukue kijiko kikubwa cha unga wa dengu, mtindi mzito vijiko viwili, asali nusu kijiko cha chai. Ajaribu kwanza ndani ya kiwiko na asubiri siku nzima. Kisha mara moja kwa wiki, jioni, dakika kumi, ainawe kwa maji bila kusugua, apake losheni uso ukiwa bado na unyevu. Manjano kama anapenda, chembe tu, na ajue yatampa rangi ya njano shavuni kesho yake. Udongo mweupe wa kaolini, ule uliojaa vilima vya Pugu, nimemkataza: unanyonya mafuta, unawafaa wenye uso wa mafuta, na yeye ngozi yake ni kavu. Kwa madoa, krimu yenye niasinamidi (aina ya vitamini B) au asidi ya azelaiki kila siku itamsaidia kuliko maski yoyote, ingawa wiki tano hazitayamaliza yote, nimemwambia ukweli huo mapema.

Na jua. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, inakadiriwa kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), lakini doa lililokwisha kuwepo halihitaji jua jingi kuzidi kuwa jeusi, na anayeondoa seli za juu anabaki wazi zaidi. Sanskrini, krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 kila asubuhi, ikiwezekana yenye rangi ya ngozi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo inazuia hata ule mwanga wa kawaida unaochochea madoa. Wanaopaka maski Jumamosi na kwenda ufukweni Jumapili bila kitu wanabomoa walichojenga.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mamdogo, kwa hiyo siku ya harusi nitakuwa na rangi yangu hii hii?" Nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo, ila itakuwa imenawiri. Akacheka, akaniuliza kama jiwe la bibi bado lipo. Lipo kwa dada yangu, juu ya kabati, limefungwa kwenye kanga. Alhamisi napanda basi kwenda Tanga kulichukua, na liwa nimeshaagiza.