Kampala: Tunamlaumu Meya, Saini Iko kwa Mwingine

Kwa wapakiaji wa mizigo pale Arua Park, ambako Mganda, Mlugbara na Mkongo wanaelewana kwa Kiswahili, kila kero ya jiji inapewa jina moja. Barabara imekatika, meya. Mtaro umefurika, meya. Takataka zimelala wiki nzima bila kuzolewa, meya. "Tulimpigia kura ya nini?" ndilo swali, na anayeuliza hatanii. Mimi nasema hasira hiyo ni ya haki, ila sehemu kubwa yake haimfiki anayeshika fedha za jiji. Nasema pia kwamba wanaokaa kwenye kiti cha meya wamezoea mno kujikinga na ukweli huo.

Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, kifungu cha 5 kiliiweka Kampala chini ya usimamizi wa Serikali Kuu. Ikafuata Sheria ya Jiji ya 2010, na mwaka uliofuata KCC ya zamani, yaani Baraza la Jiji la Kampala, ikaondoka, na KCCA, Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, ikaingia. Lodi Meya, yaani meya wa jiji zima, huchaguliwa na wakazi. Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais, na huyo ndiye mkuu wa watumishi na ndiye anayewajibika kwa kila shilingi inayotoka. Juu yao yupo Waziri wa Kampala. Yupo pia mkuu wa jiji anayemwakilisha Rais, yule tunayemwita RCC. Marekebisho ya 2019 yakaleta Spika wa baraza, kwa hiyo hata kuendesha vikao si kazi ya meya tena. Kwa kifupi, tunayemchagua hana saini, na mwenye saini hatumchagui.

Walioutaka mfumo huu hawakuwa na hoja za kupuuzwa. KCC ilikuwa na jina baya, na aliyeishi hapa enzi hizo anakumbuka malundo ya taka kando ya barabara na viwanja vya umma vilivyopata wamiliki kimyakimya. Jennifer Musisi, mkurugenzi wa kwanza, alipoingia 2011, makusanyo ya jiji yalipanda zaidi ya maradufu katika miaka michache, na kazi ilionekana kwa macho. Wenye maduka wengi mpaka leo wanamkumbuka kwa wema. Mama aliyekuwa akiuza nyanya kwenye beseni kando ya njia anamkumbuka vingine, kwa sababu yeye alikuwa akikunja turubai na kukimbia kila gari la askari wa jiji lilipotokea. Wote wawili wanasema kweli. Mwenye duka analipa pango na leseni, na mchuuzi akitandaza bidhaa mlangoni pake anamwondolea mteja. Mchuuzi naye akifukuzwa leo, watoto wanalala njaa leo hiihii.

Tena, hata mtaalamu aliyeletwa ili asiyumbishwe na siasa, siasa zilimfuata. Rais aliposhindwa vibaya Kampala katika uchaguzi wa 2016, lawama nyingi upande wa chama tawala zilimwangukia Musisi, na mwaka 2018 akajiuzulu. Kura za wananchi zilimfikia mkurugenzi, lakini zilipitia kwanza kwa aliyemteua.

Upande wa pili ni yaliyompata Erias Lukwago, aliyeshinda kiti cha Lodi Meya 2011, kisha 2016, kisha 2021. Tarehe 25 Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa, mbele ya waziri. Kesi zikapanda na kushuka mahakamani, na sehemu kubwa ya muda uliobaki wa muhula ule hakukanyaga ofisini. Wapiga kura wakamrudisha kwa kishindo. Wanaomtetea wanasema: mlimfungia mlango, sasa mnamwuliza mbona nyumba chafu? Ni hoja nzito. Ila aliyegombea 2016 na 2021 alikuwa anaijua sheria, na hakulazimishwa kugombea. Mtu akiomba kazi mara tatu huku akijua mipaka yake, jibu la "sina mamlaka" haliwezi kutosha kwa miaka yote hiyo.

Kwa sababu kidogo alichonacho meya si kidogo sana. Baraza ndilo linalojadili na kupitisha bajeti ya jiji kabla haijaenda bungeni. Lina kamati zake. Linaweza kuuliza mkataba kwa mkataba: barabara hii ilitengewa kiasi gani, mkandarasi ni nani, amelipwa mara ngapi. Kuna barabara moja katikati ya jiji ambayo mfuniko wa mtaro wake uliibwa, na madereva wakachomeka tawi la mti ndani ya shimo ili mwenzao asitumbukie usiku. Tawi likakauka, wakabadilisha. Mfuniko ule hausubiri ushindi wa chama chochote. Unasubiri diwani mmoja au meya asimame kikaoni na kutaja jina la mtaa, tarehe na ofisa anayehusika, kisha arudi kikao kinachofuata na swali lilelile. Badala yake tumesikiliza miaka ya mikutano na waandishi wa habari kuhusu nani kamzuia nani.

Hata hivyo, tukio linalonifanya niulaumu mfumo kuliko mtu ni Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa takataka uliporomoka juu ya nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa. Dampo lile lilifunguliwa 1996, na kwamba limejaa halikuwa jambo la siri. Ardhi ya dampo jipya ilikuwa imeshanunuliwa Ddundu, wilaya ya Mukono, lakini malori yaliendelea kupanda Kiteezi. Septemba ile Rais aliagiza Mkurugenzi Dorothy Kisaka, naibu wake na mkuu wa afya wa jiji waondolewe, na baadaye wakafikishwa mahakamani. Wapo wanaosema hapo uwajibikaji ulifanya kazi, na haraka kuliko kura yoyote ingeweza. Nakubali kwamba ulikuwa wa haraka. Lakini ulikuja baada ya mazishi, na ulikwenda juu tu, kwa aliyeteua.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Kiteezi iko Wakiso, wilaya jirani. Taka ni za Kampala, lori ni la Kampala, uamuzi ni wa Kampala, lakini mkazi wa Kiteezi hapigi kura ya meya wa Kampala wala diwani wake. Hata angekuwa na meya shupavu kuliko wote, asingekuwa meya wake. Sheria ileile ya 2010 ilitaja mamlaka ya kupanga miji kwa pamoja, Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi. Wenye kutaka mabadiliko wangeanzia hapo kabla ya kuanza kugombania nani akae mbele kwenye gwaride.

Huku chini nako mambo si mazuri zaidi. Uchaguzi wa wenyeviti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya mtaa, ulifanyika Julai 2018 baada ya miaka 17 bila uchaguzi, watu wakipanga mstari nyuma ya wamtakaye, na muda wao ulipokwisha ukaongezwa tu. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua ni mtaro gani umeziba na ni nani aliyejenga juu yake. Ukienda kwake unapata barua na muhuri, na mara nyingi unaulipia. Kama yeye hana hofu ya kura, sioni kwa nini tutegemee kwamba wa City Hall, makao ya jiji, atakuwa nayo.

Kwa hiyo anayeuliza Arua Park "tulimpigia kura ya nini" ana maswali mawili ya kupeleka. La meya: taja mikataba ya tarafa yangu uliyoihoji mwaka huu, Central, Kawempe, Makindye, Nakawa au Rubaga. La wabunge wa Kampala na Wakiso: lini mtaleta mswada unaompa mkazi, wa ndani ya mpaka na wa nje yake, nguvu juu ya mtu anayetia saini?